Mashine za Kupumulia: Tofauti ya Taratibu Mbili kwa Walioumia Mapafu

Inafaa ieleweke kwamba mashine ya kupumulia haitibu mapafu. Kazi yake ni kumpatia mgonjwa hewa wakati maradhi yenyewe, kama vile nimonia, yanapotibiwa. Ikitumiwa vibaya huweza kumzidishia madhara.

Mapafu yaliyoumia huingia majimaji, na sehemu ndogo tu hubaki wazi kupokea hewa. Hewa ikizidi, sehemu hiyo nzima hutanuka kupita kiasi nayo ikaumia.

Taratibu kuu za kuiendesha mashine ni mbili. Katika utaratibu wa kwanza hupangwa kiasi cha hewa, na kila pumzi hupata kiasi hicho hicho. Mapafu yakikakamaa, shinikizo hupanda. Hivyo mhudumu hana budi kuliangalia shinikizo. Katika utaratibu wa pili hupangwa shinikizo. Hapo mapafu yakikakamaa, hewa inayoingia hupungua, yakilainika, huongezeka. Hivyo mhudumu hana budi kukiangalia kiasi cha hewa.

Haijathibitika kwamba mmojawapo wa taratibu hizi huokoa maisha zaidi kuliko mwingine. Kilichothibitika ni umuhimu wa kutozidisha hewa. Uchunguzi uliofanywa Marekani, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2000, ulihusisha wagonjwa 861, wote wakitumia utaratibu wa kwanza. Waliopangiwa mililita 12 kwa kila kilo ya uzito walifariki asilimia 39.8. Waliopangiwa mililita 6, na shinikizo kwenye mapafu lisizidi sentimita 30 za maji, walifariki asilimia 31.

Uzito unaokusudiwa hapa si ule wa mizani, bali ni ule unaokadiriwa kwa urefu na jinsia, kwa sababu mapafu hayakui mtu anaponenepa. Mwanamume mwenye urefu wa sentimita 170 hukadiriwa kilo 66, hata akiwa na kilo 90. Kwa hiyo kila pumzi yake ni mililita 400 hivi, wala si 540.

Kwa sababu hiyo, jamaa za mgonjwa wasidhani kuwa amepunjwa wanapoona anapewa pumzi ndogo ndogo. Wamwulize daktari au muuguzi, naye atawaeleza kwamba udogo huo ndio kinga ya mapafu yaliyosalia.