Wingi wa Mashine Haujengi Maonyesho ya Michezo ya Video

Kikundi cha vijana, shule au kituo cha utamaduni kinapowaza kuandaa maonyesho ya michezo ya video katikati ya jiji la Dar es Salaam, iwe Mnazi Mmoja, Upanga au katika ukumbi wa ghorofani Kariakoo, swali la kwanza huwa lilelile: zinahitajika PlayStation ngapi? Swali hilo limeulizwa kwa muda mrefu hata limekuwa ndiyo mpango wenyewe, kwani hufuatwa mara moja na safari ya madukani kuulizia bei ya jumla, kisha namba inayopatikana, ishirini au thelathini, huandikwa katika bajeti ya kumpelekea mfadhili. Swali hilo halijibiki, kwa kuwa linataka ukubwa wa kitu ambacho waandaaji hawajaamua bado ni kitu gani.

Imani kwamba wingi wa mashine ndio maonyesho imetoka katika mabanda ya gemu ya uswahilini, na humo ina mantiki yake. Mwenye banda hulipwa kwa mechi au kwa muda, wateja wake wanaujua mchezo kabla hawajaketi, na kila mashine anayoiongeza humwongezea mapato ilimradi isikose mchezaji. Maonyesho ya umma hayana sharti hata moja kati ya hayo: mgeni anafika bila kuujua mchezo, pengine hajawahi kushika kidhibiti, yaani kile ambacho vijana hukiita pedi, na hakuja kushinda hapo mchana kutwa bali kuona, kujaribu, kuelewa na kumpisha mwenzake. Kuhamisha hesabu ya banda na kuipeleka ukumbini ni kujenga banda kubwa zaidi na kulitundikia bango la maonyesho.

Hoja inayotolewa kila mara kuitetea imani hiyo ni foleni, ati mashine zikiwa nyingi watu hawatasubiri, na hoja hiyo huanguka kwa hesabu ya darasa la tano. Mashine 30 za mchezo wa mpira, kila moja ikiwa na wachezaji wawili wanaotumia dakika 15 pamoja na muda wa kuchagua timu, huhudumia watu 240 kwa saa. Vituo 10 vyenye mchezo mfupi wa watu wawili, unaoanza na kwisha ndani ya dakika 4 na kurudi wenyewe mwanzo, huhudumia watu 300 kwa saa. Theluthi moja ya mashine imehudumia watu wengi zaidi, kwa kuwa foleni hufupishwa na urefu wa zamu, na urefu wa zamu huamuliwa na mchezo uliochaguliwa, jambo ambalo waandaaji wengi hulikumbuka wiki ya mwisho.

Hesabu ya umeme na joto ni kali zaidi. Kituo kimoja chenye mashine na runinga kikikadiriwa kutumia wati 200, vituo 30 vitahitaji wati 6,000, ambazo kwa volti 230 ni ampea 26, ilhali soketi moja ya ukutani yenye plagi ya fyuzi ya ampea 13 haipaswi kubebeshwa zaidi ya wati 3,000 hivi, hata kama ekstensheni zitaunganishwa moja juu ya nyingine hadi zifike mlangoni. Karibu umeme wote huo huishia kuwa joto, na mtu mmoja aliyeketi hutoa joto la wati 100 hivi, kwa hiyo wachezaji 60 na watazamaji 60 wanaongeza wati 12,000. Jumla ni wati 18,000, na kwa kuwa kiyoyozi cha BTU 12,000 huondoa takribani wati 3,500, viyoyozi vitano havitatosha, kabla ya kuhesabu jua la dirishani na unyevu wa pwani mwezi Februari. Vituo 10 pamoja na watu 40 hutoa wati 6,000 tu, mzigo ambao viyoyozi viwili huumudu. Wakazi wa Kariakoo, mtaa ulioshuhudia soko lake kuu likiungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, hawahitaji kuelezwa kwa nini Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lishirikishwe kabla nyaya hazijatandazwa.

Hapo ndipo hutajwa dawa ya kienyeji inayoaminiwa kuponya kila ugonjwa wa umeme, nayo ni stebilaiza kubwa. Stebilaiza ni kifaa kinachopandisha au kushusha volti ili ibaki katika kiwango kinachofaa, basi: hakihifadhi umeme, hakizidishi ampea ambazo nyaya za ukumbi zinaweza kubeba, na umeme ukikatika huzimika pamoja na mashine, ambayo ikiwa katikati ya kuandika kumbukumbu kwenye diski inaweza kuiharibu. Kinachohitajika wakati wa kukatika ni betri ya akiba, yaani UPS, inayoshikilia vituo kwa dakika chache hadi jenereta iwake, na betri hiyo hununulika kwa urahisi zaidi kwa vituo 10 kuliko kwa 30.

Swali linalostahili kuulizwa ni mchezo upi unaonyesha nini. Ubao wa bao la Kiswahili ukifungiwa kabatini na kete zake 64 haumfundishi mgeni namua wala mtaji, yaani hatua mbili za mchezo huo, na mchezo wa video nao haujulikani mpaka uchezwe. Ila si kila mchezo unachezeka hadharani. Pac-Man ya mwaka 1980 ilibuniwa kwa mashine za sarafu, hivyo huisha upesi na kujichezea yenyewe ili kumwita mpita njia, lakini mchezo wa nyumbani wa saa 40 humdhania mwenye sebule na subira. Jumba la makumbusho la MoMA la New York, lililotangaza kununua michezo 14 mwaka 2012, liliitolea mirefu na migumu maelezo ya picha za video, na jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London mwaka 2018 lilitandaza madaftari na michoro ya wabunifu. Mchoro hauhitaji wati hata moja.

Yaliyobaki ni machache na yanajulikana. Michezo isizidi kumi, na mmoja wake utoke Afrika Mashariki, kwa mfano Nairobi X iliyotoka Kenya mwaka 2015, ambayo kwa kuwa ni ya kufyatua risasi iwekwe upande wa watu wazima. Idhini iombwe kwa wenye michezo, kwani kununua diski si kununua haki ya kuionyesha hadharani, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hailindi muziki peke yake. Diski za kuchoma zisiingie mlangoni. Zawadi za bahati nasibu ziachwe, kwa sababu huwaingiza waandaaji katika mambo ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Sauti ipite kwenye hedifoni, pedi za akiba ziwe nusu ya zilizo mezani, nyaya zifungwe chini ya meza, uniti za umeme za LUKU zinunuliwe kabla ya siku ya maonyesho, na kila vituo vitatu vipewe mhudumu anayejua kuanzisha mchezo upya na kumwomba mtoto ampishe mwenzake. Idadi ya mashine itajitokeza yenyewe mwishoni mwa orodha hiyo, na mara nyingi itakuwa ndogo kuliko ile iliyokwisha kuandikwa kwa mfadhili.