Oili Ikibadilishwa Vibaya, Injini Hufa

Mwaka 2019 kikundi chetu kilikuwa na pikapu moja ya dizeli. Tuliinunua kwa kuchanga. Tulichanga misimu mitatu, mara mahindi, mara alizeti. Haikuwa mpya, lakini ilikuwa na nguvu. Ilibeba magunia kwenda mnadani, ikarudi na mbolea. Usiku ilibeba wagonjwa na akina mama wenye uchungu kwenda hospitali ya wilaya.

Siku moja dereva aliipeleka gereji ya njiani kubadilisha oili. Kazi ilikwisha kwa nusu saa. Akalipa, akaondoka. Hakufika mbali. Baada ya kilometa kama 20 taa nyekundu ya oili iliwaka. Dereva aliiona. Akajisemea, "Si nimetoka kubadilisha oili sasa hivi? Hii taa ndiyo mbovu." Akaendelea. Mara injini ikaanza kugonga, ngo ngo ngo, kisha ikakaza na kuzimika. Alipotazama nyuma aliona mstari mweusi barabarani. Oili yote ilikuwa imemwagika.

Tulimwita fundi mmoja mzee. Alilala chini ya gari, akafungua filta, akatuonyesha.

"Hesabuni raba," alisema.

Zilikuwa mbili. Filta ya zamani ilipotolewa, raba yake ilibaki imeganda kwenye injini. Yule aliyefunga filta mpya hakupatazama pale mahali. Akafunga raba mpya juu ya raba kuukuu. Raba mbili zikipandana hazikai. Oili ikisukumwa kwa nguvu hupenya na kutoka nje. Tulikaa bila gari miezi minne, na wagonjwa wakarudi kubebwa kwa machela na pikipiki.

Tangu hapo sisi wenye gari tukasema, haifai kumwachia fundi peke yake. Mwenye mali naye ajue.

Oili inafanya kazi gani?

Ndani ya injini chuma husuguana na chuma. Gari likitembea mwendo wa kawaida, pistoni hupanda na kushuka mara 2,000 au zaidi kwa dakika moja. Pasipo oili vyuma hivyo hupata moto, hulika, na mwisho hushikana. Oili hukaa chini ya injini, katika bakuli lake. Pampu huivuta, huipitisha kwenye filta, kisha huisukuma hadi kwenye beringi na sehemu nyingine. Hulainisha, hupoza, huzuia kutu, na huokota uchafu njiani.

Hapo kwenye uchafu watu wengi hukosea. Mtu huchomoa kijiti cha kupimia, akaona oili nyeusi, akasema imekufa. Au mwuzaji humwambia, "Oili hii ni nzuri sana, haigeuki rangi." Msikubali. Oili ya injini ina dawa ya kusafisha. Katika injini ya dizeli hugeuka nyeusi mapema sana, kwa sababu inabeba masizi. Ukifua shati la shambani na maji yakabaki meupe, je, shati limetakata? Basi usiihukumu oili kwa weusi. Fuata kitabu cha gari. Kwa magari mengi yanayotumia oili ya kawaida, kilometa 5,000 ni kipimo kinachofahamika. Gari likibeba mizigo mizito, au likipita kwenye vumbi jingi kama barabara zetu, badilisha mapema zaidi. Andika kilometa kwenye kadi uitundike ndani ya gari.

Rangi moja tu ni ya kuogopa. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani ya injini. Usiliwashe tena hilo gari. Mwite fundi.

Kusoma dumu la oili

Sasa kwa kuwa tunajua kusoma, tulisome dumu kabla ya kutoa fedha. Utaona maandishi kama SAE 15W-40. Hayo huonyesha uzito wa oili. Namba iliyo kabla ya W huonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Namba ya mwisho huonyesha uzito wake injini ikiwa moto. Kitabu cha gari kinasema namba gani inatakiwa. Oili nzito mno huchelewa kufika juu asubuhi gari likiwashwa. Nyepesi mno hushindwa kutenganisha vyuma wakati wa joto.

Kisha tafuta herufi API. Zikifuatwa na herufi inayoanza na S, kama SN au SP, oili hiyo ni ya injini za petroli. Zikianza na C, kama CF-4 au CI-4, ni ya dizeli. Madumu mengine yana zote mbili. Herufi inayofuata ikiwa mbele zaidi katika alfabeti, oili ni ya aina mpya zaidi. Kwa hiyo CI-4 ni mpya kuliko CF-4.

Angalia pia kama kifuniko kina siri yake na hakijafunguliwa. Oili inayopimwa kwenye chupa za maji kando ya barabara, nani ajuaye ilikotoka? Wako watu huchuja oili chafu, wakaipaka rangi na kuiuza. Bei yake hupendeza, lakini beringi hazijui bei.

Filta nayo

Magari ya zamani sana hayakuwa na filta. Mwaka 1923 Wamarekani wawili, Ernest Sweetland na George Greenhalgh, walibuni filta ya oili wakaiita Purolator. Kabla ya hapo uchafu ulizunguka tu ndani ya injini, na oili ilimwagwa mara kwa mara.

Filta ya kopo, ambayo wengi tunaifahamu, ina karatasi maalumu ndani. Karatasi hiyo imekunjwa mikunjo mingi kama ukili wa mkeka, ili eneo la kuchujia liwe kubwa. Filta nyingi zina kiraba kinachozuia oili isirudi chini gari likizimwa. Kikiwa kibovu, asubuhi injini hugonga sekunde chache kabla oili haijafika. Mara nyingi pia kuna mlango mdogo wenye springi. Filta ikiziba, mlango huo hufunguka na kuipitisha oili bila kuchujwa. Afadhali injini ipate oili chafu kuliko kukosa kabisa. Lakini maana yake ni kwamba ukichelewa kubadilisha filta, injini inakunywa uchafu na wewe huna habari.

Hutaweza kuipasua filta dukani. Ila unaweza kuchungulia kwenye matundu yake. Raba iwe laini, isiwe na nyufa, na ikae sawasawa kwenye mfereji wake. Uzi wa kufungia uwe safi, usio na vipande vya chuma. Maandishi ya boksi yaliyokosewa ni dalili mbaya. Zaidi ya yote, linganisha namba na ile ya kitabu cha gari. Mimi mwenyewe nimewahi kujibiwa hivi dukani:

"Namba hiyo imekwisha, mzee wangu, lakini hii inaingia."

Kuingia si kufaa. Filta mbili zinaweza kuwa na uzi mmoja, na springi zikawa na nguvu tofauti, au nyingine isiwe na kile kiraba. Niliondoka nikaenda duka la pili.

Jambo jingine tulizoea kulifanya, nasi tuliona ni werevu. Tulichukua filta kuukuu, tukaiosha kwa petroli, tukaifunga tena. Ile karatasi haioshwi. Uchafu umejikita ndani ya nyuzi zake, na mwingine husukumwa ukapita upande uliokuwa safi. Ukiifunga, uchafu huo huenda moja kwa moja kwenye beringi.

Siku ya kubadilisha

Gari lisimame mahali palipo sawa. Injini iwe vuguvugu, ili oili itiririke na uchafu wake. Isiwe moto sana, maana oili moto inaunguza vibaya. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka karai, fungua nati ya chini, na subiri mpaka oili iishe kabisa. Washa ya ile nati iwe mpya. Nati ianzwe kwa vidole, ndipo spana ifuate. Ukianza na spana, uzi wa bakuli huharibika, na bakuli si la bei ndogo.

Toa filta ya zamani. Hapa sasa simama mwenyewe. Itazame chini yake: raba yake ipo? Kama haipo, iko kwenye injini. Itoe, upanguse kwa kitambaa safi. Raba mpya ipake oili kidogo. Funga filta kwa mkono mpaka raba iguse, kisha kaza kama robo tatu ya mzunguko, au kama boksi linavyoagiza. Vijana wetu hupenda kukaza kwa spana mpaka mshipa wa shingo utoke. Raba husagika, na safari ijayo filta haifunguki.

Tia oili kidogo kidogo huku ukipima. Kijiti kina alama mbili, nayo oili ikae kati yake, karibu na ya juu. Usizidishe ukidhani unaipendelea injini. Ikizidi, hupigwapigwa na vyuma vinavyozunguka, ikatoa povu, na povu halilainishi.

Washa injini bila kukanyaga mafuta. Taa ya oili izimike baada ya sekunde chache. Isipozimika, zima injini papo hapo. Na ikiwaka njiani, simama hata kama umebakiza kilometa moja kufika. Taa ikizimika, acha injini iungurume kidogo huku mtu akimulika chini ya filta na nati. Kisha zima, subiri dakika 10, upime tena. Filta nayo imejaza oili, kwa hiyo utahitaji kuongeza.

Oili chafu usiimwage uani wala karibu na kisima. Watu wengine huipaka kwenye vidonda vya mbuzi au mguuni kama dawa. Ina vumbi la vyuma na sumu ya moshi, nayo hudhuru ngozi. Itie kwenye dumu, uipeleke gereji inayoikusanya. Lakini dumu hilo lisiwe lile la mafuta ya kupikia. Liandike OILI CHAFU kwa herufi kubwa, likae mbali na jiko. Mtoto akitumwa mafuta usiku hataona tofauti.