Zanzibar: Siasa na Uchumi Kutoka Mashamba ya Kizimbani

Anayetaka kuielewa Zanzibar ya leo, yenye wakazi 1,889,773 kwa sensa ya mwaka 2022, na aanzie Kizimbani, nje kidogo ya mji wa Unguja. Watalii hufika hapo kunusa mdalasini, hiliki na kungumanga. Kwetu sisi, mahali hapa panaibua swali moja: jasho la mkulima humnufaisha nani?

Mwanzoni mwa karne ya 19, Saleh bin Haramil alipanda mikarafuu Mtoni na Kizimbani, kabla Sayyid Said hajayatwaa mashamba yake. Karafuu ikaitajirisha dola ya Kisultani, lakini kwa mikono ya watumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukapigwa marufuku kisheria mwaka 1897. Hata hivyo, waliokuwa watumwa hawakupewa ardhi.

Dhuluma hiyo ya muda mrefu ni miongoni mwa mambo yaliyozaa Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, ambayo nayo yalimwaga damu nyingi. Tarehe 26 Aprili mwaka huohuo, Zanzibar iliungana na Tanganyika. Serikali mpya ilitaifisha ardhi na kuzigawia familia eka tatu tatu. Biashara ya karafuu ikabaki mikononi mwa Serikali, na hadi leo mkulima huiuza kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Bei ilipoanguka katika miaka ya 1980, baada ya Indonesia kuanza kujitosheleza, uchumi wote uliyumba.

Leo utalii ndio unaoongoza kwa kuingiza fedha za kigeni. Karafuu na mwani, unaolimwa zaidi na wanawake, vingali vikitegemewa vijijini. Kizimbani kwenyewe, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo inaendelea na kazi yake.

Kisiasa, Zanzibar ina Rais wake, Baraza la Wawakilishi na Mahakama zake ndani ya Jamhuri ya Muungano. Tangu vyama vingi viliposhiriki uchaguzi mwaka 1995, kura zimeleta mivutano mikali. Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano ya kupinga matokeo. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ilifungua njia ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ili washindani watawale pamoja.

Siasa na uchumi, basi, havitenganishwi. Amani iliyoandikwa katika Katiba huhitaji kuonekana pia katika bei ya karafuu, katika ujira wa mchumaji na katika ajira ya kijana wa kijijini. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mfanyakazi anastahili ujira wa haki. Fundisho hilo linawahusu wote, Waislamu na Wakristo, wanaoishi pamoja visiwani humu. Tuwaombee viongozi wetu, na kila mmoja wetu amlipe anayemfanyia kazi stahili yake.