Michezo ya redio yapanda jukwaani: Sanaa ya sauti inayoifaa Kaikor

WALIOKULIA vijijini nchini Kenya kabla ya televisheni kuenea wanakumbuka jinsi redio moja ilivyoweza kukusanya majirani wote uani. Mchezo wa kuigiza ulipoanza, mazungumzo yalikoma na watoto wakanyamazishwa. Betri zilizoishiwa nguvu zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate uhai wa dakika chache zaidi. Hakuna aliyeziona sura za waigizaji, lakini kila mmoja alizijua.

Sanaa hiyo, ambayo wengi walidhani imezikwa na televisheni na simu za mkononi, imepata maisha mapya katika mataifa kadhaa. Michezo iliyoandikwa kwa ajili ya redio miongo mingi iliyopita sasa huigizwa moja kwa moja jukwaani, mbele ya watazamaji wanaolipa kiingilio ili kuona jinsi sauti zinavyotengenezwa. Makala haya yanaeleza asili ya sanaa hiyo, namna inavyofanywa, na sababu ambazo huenda zikaifanya ifae mno mahali kama Kaikor, mji mdogo wa wafugaji katika Turkana Kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya na Sudan Kusini.

Chimbuko lake

Mwezi Januari 1924, shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilirusha hewani mchezo mfupi wa Richard Hughes uitwao "A Comedy of Danger". Unahesabiwa kuwa miongoni mwa michezo ya kwanza kabisa kuandikwa mahsusi kwa redio. Mwandishi alitumia werevu wa kipekee: aliwaweka wahusika wake ndani ya mgodi wa makaa ya mawe ambamo taa zimezimika. Kwa njia hiyo, msikilizaji na mhusika walikuwa katika giza moja, na wote wawili walitegemea masikio peke yake.

Nchini Marekani, miaka ya 1930 na 1940 ilikuwa enzi ya dhahabu ya michezo hiyo. Kipindi cha "Lux Radio Theatre", kilichodumu kuanzia 1934 hadi 1955, kiliigizwa mbele ya hadhira iliyoketi ukumbini huku mamilioni wakisikiliza majumbani. Hivyo basi, kuwapo kwa watazamaji si uzushi wa siku hizi. Tangu hapo kale, baadhi ya michezo ya redio ilikuwa na hadhira mbili: iliyoona na iliyosikia tu.

Nguvu ya sanaa hii ilidhihirika Oktoba 30, 1938, wakati Orson Welles na wenzake walipoigiza "The War of the Worlds", hadithi ya H. G. Wells kuhusu uvamizi wa viumbe kutoka sayari ya Mirihi. Sehemu kubwa ya mchezo huo iliigizwa kana kwamba ni taarifa za habari zinazokatiza muziki. Baadhi ya wasikilizaji waliamini kwamba uvamizi ulikuwa wa kweli, ingawa wanahistoria wa baadaye wameonyesha kwamba magazeti ya wakati huo yalitia chumvi nyingi yaliposimulia hofu hiyo.

Televisheni ilipoingia majumbani, michezo hiyo ilififia. Septemba 1962, tamthilia za mwisho za enzi hiyo zilikoma katika mtandao wa CBS wa Marekani. Nchini Uingereza sanaa hiyo haikukatika, kwani BBC iliendelea kuitangaza.

Kurejea kwake jukwaani kumekuja kwa njia mbalimbali. Mwaka 1996, Joe Landry aliigeuza filamu ya "It's a Wonderful Life" kuwa mchezo unaoigizwa kana kwamba watazamaji wameketi ndani ya studio ya redio ya miaka ya 1940. Mjini London, vichekesho vya "Round the Horne", vilivyotangazwa na BBC kati ya 1965 na 1968, vilipandishwa jukwaani mwaka 2003. Mwaka 2012, baadhi ya waigizaji wa "The Hitchhiker's Guide to the Galaxy", mchezo wa redio wa mwaka 1978, walizunguka Uingereza wakiuigiza mbele ya umma.

Urithi wa Afrika Mashariki

Afrika Mashariki ina hazina yake. Marehemu Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliandika "This Time Tomorrow" kwa ajili ya redio katika miaka ya 1960 kabla ya mchezo huo kuchapishwa kitabuni mwaka 1970. Unahusu wakazi wa mtaa wa mabanda jijini Nairobi wanaosubiri kubomolewa vibanda vyao. Mwaka 1973, mikusanyiko ya michezo ya redio ya waandishi wa Kiafrika ilichapishwa katika mfululizo wa vitabu vya Heinemann, jambo lililoiokoa michezo hiyo isipotee hewani.

Kwa Kiswahili, "Ushikwapo Shikamana" ilisikika katika Sauti ya Kenya kuanzia 1987 ikizungumzia uzazi wa mpango na maisha ya familia. Nchini Tanzania, "Twende na Wakati" ilianza mwaka 1993 katika Redio Tanzania, na mhusika wake Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi wengi, akawa gumzo mitaani. Kwa miaka miwili ya mwanzo, eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo ili watafiti waweze kulinganisha. Ilibainika kwamba matumizi ya njia za kupanga uzazi yaliongezeka zaidi katika sehemu zilizousikia.

Funzo la matokeo hayo ni kwamba mchezo wa redio haukuwa burudani tupu. Uliweza kubadilisha mwenendo wa watu kwa sababu uliwafanya wajadiliane baada ya kusikiliza. Mjadala huo ndio unaopata nafasi kubwa zaidi mchezo unapoigizwa ana kwa ana, kwani wasikilizaji tayari wamekusanyika pamoja.

Jinsi unavyoigizwa

Jukwaa la mchezo wa redio halihitaji pazia, mandhari ya kuchorwa wala mavazi ya gharama. Waigizaji husimama mbele ya vipaza sauti wakiwa na miswada mikononi. Mmoja anaweza kuwa mzee, kisha akawa mtoto, kisha akawa askari, kwa kubadilisha sauti tu. Msimulizi huwaeleza watazamaji mahali na wakati. Mtangazaji huufungua mchezo kama ilivyokuwa zamani, na pengine hupenyeza matangazo ya biashara ya kubuni ili kuchekesha.

Nyota wa jukwaa hilo, hata hivyo, mara nyingi ni mtu asiyesema neno. Huyu ni mtengenezaji wa milio. Mbele yake kuna meza iliyojaa vitu ambavyo kwa mtazamo wa kwanza ni takataka: vifuu vya nazi vya kuigiza kwato za farasi, bati la kutikiswa ili lingurume kama radi, karatasi ya nailoni inayofinyangwa ili isikike kama moto, na mlango mdogo uliotiwa bawaba ili ubamizwe.

Hapo ndipo ilipo raha ambayo msikilizaji wa nyumbani hakuipata. Mtazamaji anakiona kifuu cha nazi, anajua vyema kwamba ni kifuu, lakini akifumba macho anamwona farasi. Anafumbua tena na kucheka. Udanganyifu umefanywa mchana kweupe, na bado umefaulu.

Kwa nini Kaikor

Kaikor imo katika wadi ya Kaikor/Kaaleng, mbali na Lodwar, makao makuu ya kaunti. Wakazi wake wengi hutegemea mbuzi, kondoo, ngamia, ng'ombe na punda. Ukame uliofuatia kushindwa kwa mvua misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, uliangamiza mifugo wengi katika kaunti hiyo. Mahali pa namna hii, jumba la maonyesho haliwezi kuwa jambo la kwanza katika bajeti ya yeyote.

Lakini mchezo wa redio hauhitaji jumba. Kivuli cha mti na nusu duara ya watu vinatosha. Kenya ina mfano wa maonyesho ya aina hiyo: mwaka 1977, wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, walijenga jukwaa lisilo na paa na kuigiza wenyewe, hadi serikali ilipopiga marufuku mchezo wao Novemba mwaka huo. Katika Turkana kwenyewe, shirika la FilmAid lilianza mwaka 2001 kuonyesha filamu usiku katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na watu wakakusanyika chini ya nyota. Mchezo wa sauti una mahitaji machache kuliko hayo, kwani hata umeme ukikosekana, sauti ya mtu haizimiki.

Vifaa vya milio navyo vimejaa tele. Kengele za mbao za ngamia, kibuyu cha maziwa kinachotikiswa, makuti makavu ya mikoma, changarawe zinazomwagwa juu ya bati ili zisikike kama mvua, kwato za punda zinazoigizwa kwa vipande viwili vya ubao: vyote hivi hupatikana bila kuagizwa Nairobi. Zaidi ya hayo, hadhira ya Kaikor ni hakimu mkali. Mchungaji anayeitambua kengele ya mnyama wake kutoka mbali hatakubali kengele ya uongo.

Jamii ya Waturkana haikosi mazoea ya kusikiliza. Hadithi za jioni husimuliwa watoto wakiwa wamelizunguka moto. Katika akiriket, mkutano wa kimila ambapo wanaume huketi katika nusu duara, anayeomba hutamka na waliopo humwitikia kwa pamoja. Mwelekezi mwenye busara anaweza kujifunza kutokana na mwitikio huo namna ya kuishirikisha hadhira. Anapaswa, hata hivyo, kuiacha ibada yenyewe pale ilipo, kwa kuwa mambo matakatifu si mapambo ya jukwaa.

Mitihani mitatu

Mtihani wa kwanza ni wa kusoma. Desturi ya mchezo wa redio ni kwamba mwigizaji hushika mswada. Lakini katika Turkana Kaskazini, watu wazima wengi hawakupata nafasi ya kwenda shule, na mara nyingi hao ndio wasimulizi hodari kuliko wote. Kikundi kikichagua waigizaji kwa kigezo cha kusoma tu, kitapata vijana wa sekondari na kuwapoteza mabingwa. Dawa yake ni kufundisha baadhi ya sehemu kwa kusikia na kurudia, na kumweka kijana mwenye mswada kando ya mzee ili amkumbushe kwa kunong'ona. Hadhira haitadhurika kwa kuona jambo hilo, kwani ni sehemu ya utengenezaji unaoonyeshwa waziwazi.

Lugha imo katika mtihani huo huo. Msimulizi anaweza kutumia Kiturkana na wahusika wengine wakatumia Kiswahili pale hadithi inapowataka, kwa mfano ofisini au njiani kuelekea Lodwar. Mchanganyiko huo ni sura halisi ya maisha ya mpakani.

Mtihani wa pili ni wa haki za waandishi. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya fasihi hulindwa katika uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Kwa hiyo, kikundi kinachotaka kuigiza mchezo wa zamani hakina budi kuomba ruhusa kwa mwenye haki kwanza. Njia nyepesi zaidi ni kuandika mchezo mpya kwa mtindo wa zamani, kutokana na visa vya wenyeji.

Mtihani wa tatu ndio mzito zaidi. Eneo la mpaka limeshuhudia wizi wa mifugo na mapigano ya silaha kati ya jamii jirani. Mlio wa bunduki ambao London ni kichekesho cha bati na fimbo, Kaikor unaweza kumwinua mama mkekani na kumfanya akimbie na mwanawe. Kisa cha mwaka 1938 kinaonyesha sauti inavyoweza kuaminiwa hata inapokuwa ya kubuni. Panapokuwa na watu waliopoteza jamaa zao kwa risasi, onyo kabla ya mchezo ni la lazima, na hata onyo huenda lisitoshe.

Sanaa yenyewe ina jawabu. Uvamizi si lazima usikike kwa risasi. Kengele ya mbuzi inayolia, ikalia tena, kisha ikanyamaza ghafla, hueleza yote. Kimya katika mchezo wa redio ni mlio kama milio mingine, na mara nyingi ndio unaobaki masikioni kwa muda mrefu.

Faida inayotarajiwa

Michezo mingi ya redio ya zamani ilirushwa moja kwa moja bila kurekodiwa, ikapotea mara ilipomalizika. Iliyosalia ni miswada na kumbukumbu za waliosikiliza, na wasikilizaji hao wanazidi kuzeeka. Kila onyesho la jukwaani huwapa nafasi ya kuwasimulia vijana walichokisikia, na huwapa vijana ufundi wa kutamka, kusikiliza na kuandika.

Isitoshe, Lodwar na Kakuma zina vituo vya redio vinavyotangaza kwa lugha ya wenyeji. Mchezo uliojaribiwa chini ya mti Kaikor, ukachekwa pale panapostahili na kukosolewa na wachungaji, unaweza baadaye kurekodiwa na kurushwa hewani. Hapo utakuwa umerudi ulikotoka, na atakayeusikia akiwa malishoni, redio ndogo ikiwa imening'inia begani, hatahitaji kuambiwa kwamba kengele ile ni ya ngamia.