Kuchimba Mizizi ya Chakula Mang'ola

Mwanachama azuruye Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, aweza kufuatana na akina mama wa Kihadzabe wachimbapo mizizi, wakimridhia. Kazi hii yataka sikio kuliko nguvu. Mchimbaji hugonga ardhi kwa mti uliochongwa ncha na kukaushwa motoni, husikiliza mlio, ndipo achimbe kandokando ya mawe. Mzizi uitwao ekwa (wenyewe hulitamka neno hilo kwa kualika ulimi) huchomwa kidogo, hutafunwa, na makapi hutemwa.

Mgeni achimbe mmoja tu wa kuonja. Kwake ni matembezi. Kwao ni chakula cha siku, na mashamba yetu ya vitunguu yamekwisha kuyapunguza mapori yao. Kabla ya kuondoka, na alifukie shimo lake.