Malezi ya Punda Aliyeumia Mguu

Farasi ni mnyama adimu katika pwani ya Wabajuni. Mbung'o wa bonde la Mto Juba, pamoja na maradhi ya farasi yaenezwayo na usubi, hawakumpa nafasi ya kustawi, na kazi yake ikashikwa na nduguye punda. Mvuvi wa Kudhaa avushapo samaki wake kwa mashua hadi Kismayu, mizigo ikishateremshwa pwani huchukuliwa na mkokoteni wa punda. Na nyumba nyingi za mjini hupikia maji yaliyoletwa na mnyama huyo huyo. Siku punda apasukapo mguu katika mawe ya matumbawe, chungu cha mwenyewe nacho huanza kupoa.

Na hapo ndipo ilipo hatari. Punda huficha maumivu kuliko farasi. Farasi aliyeumia hutoka jasho, huhangaika na kukataa kukanyaga. Punda huinamisha kichwa tu akanyamaza. Mwenye punda aliyekaa siku nne bila kipato huona uvimbe umepungua, akakidhania kimya kile kuwa ni afya, akamfunga tena mkokoteni. Kano iliyoanza kuunga huchanika upya, na mara hii aghalabu mnyama hubaki kiwete. Ni vema watu wa nyumbani wajue tangu mapema kwamba kano iliyochanika vibaya huchukua kiasi cha miezi 9 hadi 12 kupona, hata kama kwa nje mguu unaonekana mzima.

Jeraha la wazi lisafishwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, lita moja ikitiwa vijiko viwili vidogo vya chumvi. Wako wanaoyasifu maji ya bahari. Lakini maji ya bandarini yamechanganyika na mafuta ya mashua na matumbo ya samaki, nayo hayafai kidonda. Majivu, samadi na mafuta ya gari yasitiwe kabisa. Kwa uvimbe usio na jeraha, kitambaa kilichorowekwa maji ya mtungini, ambayo huwa baridi, kiwekwe kwa dakika 20, mara tatu au nne kwa siku, katika siku mbili za kwanza. Desturi ya kuchoma mguu kwa chuma cha moto yafaa iachwe: haiungi kano, nayo humwongezea mgonjwa kidonda cha pili.

Bendeji itanguliwe na pamba nene, kisha izungushwe kwa mkazo ulio sawa kuanzia chini hadi juu. Ikikaza mahali pamoja huikata damu na kuidhuru kano ile ile iliyokusudiwa kusaidiwa. Ifunguliwe kila siku au kila siku ya pili, na ikitoa harufu mbaya au usaha aitwe bwana mifugo. Aitwe pia mapema kwa kila jeraha lenye kina, kwani pepopunda si jina la bure: jamii ya farasi na punda hushikwa upesi mno na maradhi hayo, na kinga yake ni sindano. Mfupa ukionekana, au mguu ukining'inia, mnyama asitembezwe hata hatua moja kabla ya kuonwa.

Mguu ule mzima nao usisahauliwe, maana ndio uliobeba mwili wote. Ukwato wake uguswe asubuhi na jioni. Ukiwa na joto lisilo la kawaida, mara nyingi nyama ya ndani imeanza kuvimba. Asimame juu ya mchanga mkavu, laini, mahali penye kivuli.

Katika chakula, huruma hukosea njia. Punda aliyepumzishwa akashibishwa mahindi na pumba huweza kupata msokoto wa tumbo, au kuharibika kwato. Apewe majani makavu na maji matamu ya kutosha, hata mahali ambapo maji hayo hupatikana kwa taabu. Kinyume chake, punda asiyekula siku nzima ni mgonjwa sana: mafuta ya mwili wake humiminika katika damu, na punda mnene, hasa jike, aweza kufa kwa hilo ingawa mguu unapona. Sababu ya kutokula mara nyingine ni ndogo. Punda hushikamana na mwenziwe, na akitengwa naye husononeka akasusa chakula. Basi mwenziwe afungwe karibu.

Katika kisiwa cha Lamu, ambako vichochoro havipitiki kwa gari na mizigo hubebwa na punda, shirika la Kiingereza liitwalo The Donkey Sanctuary, lililoasisiwa na Elisabeth Svendsen mwaka 1969, lilifungua kituo cha kuwatibu mwaka 1987, na matibabu yalitolewa bure. Kudhaa iko mbali na kituo kama hicho, hivyo kazi kubwa huangukia wenye nyumba, na mara nyingi watoto.

Mgonjwa akiruhusiwa kutembea, aanze kwa dakika 10 kwa siku, akiongozwa kwa mkono juu ya mchanga mgumu wa maji kupwa, bila mzigo. Dakika ziongezwe wiki kwa wiki. Akichechemea tena, arudishwe nyuma wiki mbili. Mkokoteni uje mwisho, kwanza ukiwa mtupu, kisha kwa madebe machache ya maji. Na kamba ya kumfungia isirudi kifundoni, ambako majeraha mengi huanzia. Afungwe kwa hatamu ya kichwani.