Viatu vya Ngozi vya Baba Vinafia Nyumbani

Juma hili tuongee juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakishika kila mara bila kukifikiria: viatu vya ngozi vya baba, vile vya kuvalia kostime, vya misa, vya arusi, vya kilio na vya biro. Ninaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka minne iliyopita baba watoto aliitwa kwenye mahojiano ya kazi, saa mbili ya asubuhi. Jioni ya kabla yake mvua ya Bukavu ilinyesha kama inavyonyesha mwezi wa kumi na moja, naye akapanda kutoka Kadutu kwa miguu katika yale matope mekundu tunayoyajua. Alikuwa na jozi moja tu ya viatu vyeusi, ngozi kabisa, tuliyonunua dola 30 kwenye mitumba. Vilifika nyumbani vimejaa maji. Nikataka kumsaidia. Nikaviosha kwa sabuni ya unga, ndani na nje, nikaviegemeza kando ya mbabula yenye makala mekundu, nikaenda kulala nikijisifu moyoni.

Asubuhi vilikuwa vimekauka kweli, vimekauka kama ndagala. Ngozi ilikuwa imepasuka pale vidole vinapokunjika, na soli ya mguu wa kuume ilikuwa imefunguka mbele kama mdomo wa mtu anayetaka kusema. Tulikimbia kwa jirani. Yeye anavaa 41, baba watoto anavaa 43. Akaingia katika mahojiano yale akichechemea. Kazi hakuipata. Sisemi ni kwa sababu ya viatu, maana watu walikuwa wengi na nafasi ilikuwa moja. Lakini nilimwona akitoka kwenye mlango wa nyumba akitembea vile, na mwaka ule dola 30 zilikuwa minervali ya mtoto wetu wa kwanza.

Tangu hapo nikaanza kuuliza mafundi wa viatu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alinicheka kidogo. Walisema jozi nyingi wanazoletewa hazikuharibiwa na barabara. Zimeharibiwa na moto, sabuni na mafuta ya jikoni, yaani nyumbani, na mara nyingi kwa mikono yetu.

Nieleze kama ninavyoeleza katika kalasi. Ngozi ya kiatu ni ngozi ya ng'ombe iliyoondolewa manyoya na kutiwa dawa ili isioze. Ukiikata na kuangalia ukingo wake, utaona imefanyika kwa nyuzi nyembamba sana zilizosokotana kama sufi. Katikati ya nyuzi zile kuna mafuta kidogo na unyevu kidogo, ndivyo vinaziwezesha kuteleza moja juu ya nyingine mguu unapokunjika. Ng'ombe akiwa hai, mwili wake unaitunza ngozi wenyewe. Kiatu hakina mwili wa kukitunza, kwa hiyo mafuta yakitoka, hayarudi mpaka mtu ayarudishe. Sabuni ya unga imetengenezwa kuondoa mafuta kwenye nguo, nayo haijui kama umeiweka kwenye shati ao kwenye kiatu. Moto unafanya vibaya zaidi: unafukuza unyevu wote kwa haraka, nyuzi zinajikunja na kushikana, ngozi inakuwa kama ubao. Ukivaa na kukunja mguu, ubao unapasuka. Na soli nyingi za siku hizi zimeshikwa kwa gundi, na gundi inalegea ikipata joto. Ufa ukishaingia hakuna siraji itakayouziba. Siraji itaufunika tu mpaka mvua ijayo.

Basi kiatu kikilowa tufanye nini? Kwanza toa kamba, fungua ulimi wake vizuri. Kama kina matope, pangusa yale mazito kwa kitambaa, mengine uyaache yakauke, kesho utayaondoa kwa brosi. Ukiyasugua yakiwa mabichi unayasukuma ndani ya ngozi na ndani ya mishono. Halafu chukua karatasi za gazeti, ao karatasi za madaftari ya mwaka jana ambayo watoto wamemaliza, zikunje, jaza ndani ya kiatu mpaka kirudi katika umbo lake, bila kukitanua kwa nguvu. Baada ya saa moja ao mbili utakuta karatasi zimelowa: zitoe, weka zingine. Kama viatu ni vyeupe ama vya rangi nyepesi, wino wa gazeti unaweza kuvichafua, tumia vitambaa. Kisha kilaze kwa ubavu, soli isikae chini, ili nayo ipate hewa. Mahali pazuri ni penye kivuli na upepo, kwa mfano chini ya baraza. Si juu ya bati, si kwenye jua la saa sita, si karibu na mbabula. Kitachukua siku nzima, mara nyingine siku mbili. Najua mama atauliza: na kama anavihitaji kesho asubuhi? Badilisha karatasi kila unapoamka usiku. Asubuhi avivae vikiwa na unyevu kidogo, na soksi kavu. Ni afadhali kuliko vilivyopikwa.

Hapa ninatoka nje ya viatu kidogo. Kuna wanaoingiza mbabula ndani ya chumba usiku, kufunga mlango na dirisha, ili viatu na nguo za shule zikauke huku watoto wamelala pembeni. Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anaivuta akiwa usingizini na haamki. Watoto waende shule na sare mbichi, lakini mbabula ilale nje.

Usafi wa kila juma ni kazi ndogo. Brosi kavu kwanza, hasa pale soli inapokutana na ngozi, kwa sababu ndipo mchanga unajificha na kukata mishono. Kisha kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa sana. Kama kuna uchafu usiotoka, tumia sabuni ya kuogea, povu tu kwenye kitambaa, na uipanguse mara moja kwa kitambaa kingine chenye maji safi. Usitumie brosi ngumu ya kufulia, inakwaruza uso wa ngozi na mikwaruzo ile inabaki. Majira ya mvua, viatu vilivyokaa katika sanduku vinaota ukungu mweupe. Vitoe nje ya nyumba, pangusa kwa kitambaa kikavu, halafu kwa siki iliyochanganywa na maji, acha vipate hewa. Na ukivihifadhi tena usivifunge katika sacheti ya plastiki. Ngozi inataka kupumua, mfuko wa kitambaa unatosha.

Sasa siraji. Kuna ya mafuta laini kama pomade, yenye kulisha ngozi na kurudisha rangi. Kuna ya nta, ngumu kidogo, ile ya kopo bapa, yenye kung'aa na kuzuia maji. Kopo lenye picha ya ndege wa kiwi linajulikana kila mahali. Lilianzia Australia mwaka 1906, na kule Kenya watu wengi wanaita siraji yoyote «kiwi». Ukiweza kupata zote mbili, tanguliza ile ya kulisha, malizia na ya nta. Ukipata moja tu, ya nta itafanya kazi. Ile ya chupa yenye sponji, inayong'arisha bila brosi, mimi siipendi. Inakauka juu ya ngozi kama rangi ya ukuta, na kiatu kikikunjika mara nyingi inaanza kupasuka na kubanduka. Inafaa siku unapochelewa, basi.

Namna ya kupaka: funga kitambaa cha pamba kwenye vidole viwili, chovya kidogo sana. Wengi wetu tunapaka siraji kama tunapaka siagi kwenye mkate, halafu tunashangaa suruali ya baba ina mistari myeusi. Zungusha kwa miduara midogo, usisahau ulimi na ule mstari wa juu ya soli ambamo maji yanapenyea. Acha dakika 10 ikauke. Ndipo brosi, kwa haraka na kwa mkono mwepesi, na mwisho soksi kuukuu ya nailoni ya mama: hiyo inang'arisha kuliko vitambaa vyote. Watu wa Sape, kule Kinshasa na Brazzaville, ambao wanajua viatu vya Weston vya Ufaransa kuliko wanavyojua majina ya wajomba wao, wanaongeza tone la maji kwenye nta na kuzungusha tena na tena kwenye pua ya kiatu mpaka ing'ae kama kioo. Si lazima kwetu. Lakini tukiwacheka kwa pesa wanazotumia, tukubali kwamba kutunza wanajua.

Siraji ikikauka ndani ya kopo, weka kopo lililofunikwa ndani ya maji ya moto, ao lianike juani, italainika. Usiliweke motoni kamwe: ndani mna mafuta mepesi yanayoshika moto kwa ghafula. Na usiongeze petroli, inakausha ngozi.

Tena mawese. Najua tunayo jikoni, najua kiatu kikipakwa mawese kinang'aa dakika ileile. Lakini mafuta ya kula yanaingia ndani ya ngozi na kuharibika humo kama yanavyoharibika kwenye chupa, yanatoa harufu, yanavuta vumbi. Vazelini ni afadhali, kidogo tu, siku ambayo hakuna kitu kingine; lakini haishiki, na vumbi la mwezi wa saba litaganda juu yake.

Kabla ya kutoa pesa kwa siraji, hakikisha kwamba kiatu ni cha ngozi kweli. Angalia mahali palipokatwa, ndani ya ulimi ao kwenye ukingo wa juu. Ngozi inaonyesha nyuzi. Skai inaonyesha kitambaa kilichofunikwa na plastiki. Skai haili siraji, ipanguse kwa kitambaa kibichi na inatosha, na siku itakapoanza kubanduka hakuna dawa. Na ile ngozi yenye manyoya laini kama mahameli haitaki siraji hata kidogo, ni brosi kavu tu.

Soli na visigino ni vya fundi, lakini jicho ni letu. Geuza kiatu kila mwisho wa mwezi. Pale chini ya kisigino kuna kipande cha mpira ambacho ndicho kinaliwa na mawe. Kikibadilishwa mapema, ni kazi ndogo na pesa kidogo. Kikiisha, kisigino chenyewe kinaanza kuliwa, kiatu kinainama upande, mguu nao unainama, na hapo fundi atataja bei nyingine. Vilevile ufa mdogo kati ya soli na pua ushonwe juma lilelile, usingoje ukubali kidole kuingia. Mwambie fundi ashone, asiweke gundi peke yake. Na kwa nyumba: baba asivae kiatu kwa kukanyaga nyuma yake. Mpini wa kijiko unatosha kumsaidia kisigino kuingia. Kama ana jozi mbili, azibadilishe, leo hii kesho ile, kwa sababu mguu unatoa jasho na ngozi inahitaji siku moja ya kukauka hata kama mvua haikunyesha.

Nimeandika «jicho ni letu», na mama mmoja wa kikundi chetu alinisimamisha palepale nilipomsomea. Akaniuliza kwa nini iwe tena kazi ya mama, juu ya maji, makala, soko na watoto. Ana haki. Nyumbani kwangu viatu vilikuwa kazi ya binti yetu wa miaka 11, kwa desturi tu, hakuna aliyeamua. Kaka yake wa miaka 13 alikuwa anacheza mpira. Nilibadilisha. Sasa kila Jumamosi jioni yeye na baba yake wanakaa kwenye baraza, gazeti limetandikwa chini, na viatu vyote vya nyumba vinapita pale, hata vya kwangu. Mwanzoni kijana alinung'unika kwamba wenzake watamcheka. Nikamkumbusha kwamba wanaosafisha viatu mjini kwa malipo, wengi wao ni vijana wanaume.

Jozi ya sasa ya baba watoto imeingia mwaka wa tatu. Kisigino kimebadilishwa mara mbili, mishono mara moja. Alipata kazi nyingine, si ile, na yule jirani wa 41 anakuja kuomba siraji kwetu.

Katika likelemba yetu tulitoa kila mmoja kidogo tukanunua sanduku moja la wote: brosi mbili, moja kwa vyeusi na moja kwa vya kahawia (msizichanganye), kopo mbili za nta, moja ya siraji ya kulisha, na sindano nene ya kushonea. Liko nyumbani kwangu mpaka mwisho wa mwezi. Mwenye kulihitaji alifuate kabla ya Jumamosi mchana, na alirudishe kabla jua halijazama.